Mgeni wa Kaskazi: Kumtambua Tai wa Nyika, Kutoka Salalah Hadi Tsavo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vilivyo ardhini na vilivyo angani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee wetu wa pwani walipoona kaskazi imeshika, walijua kwamba majahazi ya Oman na Ghuba yamo njiani, na kila mji ukajiweka tayari kupokea wageni wake. Majahazi hayo leo ni machache. Lakini yuko mgeni mwingine ashikaye majira hayohayo, naye hakuiacha safari yake. Huyo ni tai wa nyika, ambaye Waarabu humwita uqab as-suhub. Nchi za Asia ya Kati zinapofunikwa na theluji, yeye huteremka hadi Bara Arabu, na wengi katika jamii yake huvuka bahari wakaja kwetu Afrika Mashariki.

Tumeona tuwaandikie wasomaji wetu habari za ndege huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nyumba nyingi zinazosoma jarida hili zina jamaa Muscat, Salalah na miji mingine ya Ghuba, na miezi ya Disemba hadi Februari ndiyo bora ya kumwona huko. Ya pili ni nzito zaidi. Tai huyu, ambaye zamani alipita kwa makumi ya maelfu, tangu mwaka 2015 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Na miongoni mwa yanayomwangamiza yamo mambo ambayo watu wa kawaida, wenye ng'ombe wawili watatu na sanduku la dawa nyumbani, wanaweza kuyafanya au kuyaacha.

JINA LAKE NA NASABA YAKE

Lugha yetu haikuwasahau ndege wenye makucha. Tuna mwewe, mwizi wa vifaranga anayejulikana na kila mama mwenye kuku. Tuna kipanga na kozi. Tuna furukombe, mla samaki, na tuna tumbusi, mla mizoga. Ama jina la tai, wako wanaolitumia kwa ndege wakubwa wote hawa, hata tumbusi akaitwa tai. Waarabu nao wana uqab na wana nasr, na katika mazungumzo ya leo majina hayo mawili huchanganywa vivyo hivyo.

Tofauti si ngumu kuifahamu. Tumbusi wengi wana kichwa na shingo zilizo tupu au zenye manyoya mafupi mno, kwa kuwa huingiza vichwa ndani ya mizoga. Tai kichwa chake kimejaa manyoya hadi kisogoni. Na jamii ya tai wa nyika ina alama moja zaidi: miguu yao imevikwa manyoya mpaka kwenye vidole, kana kwamba wamevaa suruali pana.

Huenda msomaji akauliza, je, kutazama ndege si mchezo wa watalii? Hasha. Katika Sura an-Nahl na Sura al-Mulk tumeelekezwa kuwaangalia ndege wanaoelea juu yetu na kuzingatia uwezo wa Aliyewaweka angani. Wanazuoni wetu waliitikia mwito huo mapema. Al-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1405, aliandika kitabu kikubwa, Hayat al-Hayawan, akiwapanga wanyama kwa herufi za majina yao na kueleza tabia zao na hukumu zao katika sharia. Tai naye ana mahali pake humo. Basi anayemwonyesha mtoto wake ndege na kumfundisha jina lake yumo katika njia iliyotangulia kukanyagwa na watu wa elimu.

SAFARI ISIYO NA NAHODHA

Tai wa nyika huzaliwa katika mbuga za nyasi za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, mahali ambapo mtu huweza kutembea siku nzima asione mti. Kwa kukosa miti, mara nyingi hujenga tago lake chini kabisa, juu ya kichuguu au jabali dogo, na hapo jike hutaga yai moja hadi matatu. Watu wa Kazakhstan wamemtukuza kiasi cha kumweka katika bendera ya taifa lao, chini ya jua lenye miale 32.

Baridi inapokaribia, panya na wanyama wa mashimo ambao ndio chakula chake hujificha ardhini. Hapo tai huondoka. Wala hapigi mabawa njia nzima, kwani mwili wake ni mzito na nguvu zingemwishia. Husubiri jua lipashe ardhi moto, na hewa ya joto inapoanza kupanda, yeye hutandaza mabawa na kupanda nayo akizunguka, hadi awe mfano wa nukta. Kisha hujiachia akateleza angani maili nyingi mpaka akutane na hewa nyingine ipandayo. Kwa namna hii husafiri siku nzima kwa gharama ndogo.

Juu ya bahari hakuna hewa ya namna hiyo. Kwa hiyo tai hukwepa maji mapana na kutafuta mahali pembamba. Wanaokuja Afrika kupitia Bara Arabu hukusanyika Bab el-Mandeb, baina ya Yemen na Djibouti, ambapo bahari ni kiasi cha kilomita 30 tu. Mwaka 1987, watazamaji waliokaa upande wa Djibouti walihesabu tai wa nyika zaidi ya 76,000 katika msimu mmoja wa kuja. Miaka miwili kabla ya hapo, katika msimu wa kurudi, takriban 75,000 walihesabiwa kwenye ncha ya Ghuba ya Aqaba. Tuzishike hesabu hizo moyoni, kwani katika miaka iliyofuata idadi ya wapitao Aqaba imeshuka vibaya sana.

Siku hizi watafiti huwafunga baadhi ya tai vifaa vidogo mgongoni vinavyotuma habari za mahali walipo. Mwaka 2019 kulitokea kisa kilichowachekesha wengi. Watafiti wa Urusi walikuwa wakipokea habari za tai wao kwa ujumbe wa simu. Tai mmoja jike, aliyeitwa Min, alikaa Kazakhstan kiangazi kizima mahali pasipo na mtandao, na ujumbe wake ukajilimbikiza. Kisha akaruka moja kwa moja hadi Iran, na alipofika penye mtandao ujumbe wote ukatoka kwa pamoja, kwa bei ya mteja aliye ugenini. Fedha za watafiti zikaisha. Ikabidi watu wachangishane kumtilia tai salio, mpaka kampuni ya simu nayo ikakubali kulifuta deni. Kila mwenye jamaa Ghuba anajua uchungu wa gharama hizo, lakini ni mara chache kusikia aliyeingizwa deni na ndege.

ALAMA ZA KUMTAMBUA

Ndege huyu ni mkubwa. Mabawa yake yakitandazwa hufikia karibu mita mbili kutoka ncha hadi ncha, na uzito wake ni kilo mbili hadi karibu tano. Jike ndiye mkubwa kuliko dume, kama ilivyo kwa ndege wengi wawindaji. Rangi yake ni kahawia. Kwa kuwa tai wa rangi hiyo ni wengi, zifuatazo ni alama za kuzishika.

Kijana wa tai wa nyika ndiye mwepesi kutambulika. Akiruka juu yako, tazama chini ya bawa: utaona mkanda mweupe mpana unaopita katikati ya bawa kwa urefu, kama ukingo wa shuka. Mkanda huo hufifia kadiri anavyokua, na huchukua miaka kadhaa hadi uishe.

Mtu mzima ni kahawia iliyokoza, na wengine wana doa la rangi ya kutu kisogoni. Ukimpata ametua karibu, tazama pembe ya mdomo wake. Kuna mstari wa manjano unaoanzia kinywani na kwenda nyuma hadi kufikia ukomo wa jicho, hata uso wake ukawa kama wa mtu anayetabasamu kwa upana. Alama hii ni muhimu kwetu Kenya, kwa sababu tunaye tai mwingine wa kahawia anayefanana naye mno, ambaye ni mwenyeji na hukaa mwaka mzima. Mstari wa mwenyeji huyo hukomea chini ya katikati ya jicho.

Huko Oman wapo wageni wengine wawili wa kuangaliwa, nao pia wamo katika orodha ya walio hatarini. Mmoja ni tai wa madoa, mweusi mweusi, anayependa penye maji. Kijana wake ana madoa meupe mabawani kama aliyenyunyiziwa chokaa. Wa pili ni tai wa kifalme. Mtu mzima wake ana utosi na kisogo cha rangi ya maziwa na dhahabu, na alama nyeupe mabegani, na huyo ndiye wa kujivunia ukimwona.

MAHALI NA WAKATI

Kwa jamaa zetu walioko Oman, kipupwe cha huko ndicho kipindi cha raha. Wengi wanaijua Salalah kwa kharifu, mvua za Juni hadi Septemba zinazovuta umati. Wachache wanajua kwamba Salalah ya Januari ina mgeni wa aina nyingine. Tai hukusanyika kwenye majalala, hususan upande wa Raysut na nje ya Muscat, kwani hapo hupata mabaki ya machinjio bila taabu. Lakini hatuwashauri kuwapeleka watoto jalalani. Afadhali ziendewe khori za pwani ya Dhofar, kama vile Khor Rori karibu na magofu ya kale ya Sumhuram, ambako tai wa madoa hupenda kukaa kandokando ya maji pamoja na ndege wengine wengi.

Wala hapana haja ya kuwaamsha watoto usiku. Tai hawaruki mpaka ardhi ipate moto, kwa hiyo familia huweza kusali alfajiri, ikapata chai yake kwa utulivu, na kufika mahali saa tatu za asubuhi. Saa hiyo ndege bado wametua, au ndio kwanza wanaanza kupanda. Chukueni darubini kama ipo, maji, na kofia za watoto. Kaeni mbali, msipige kelele, wala msimfuate ndege kwa gari ili mpate picha. Ndege anayefukuzwa mara tatu hupoteza nguvu alizozikusanya kwa ajili ya safari.

Kwetu Kenya, tai wa nyika huwasili kiasi cha Oktoba na Novemba, huondoka Machi na Aprili. Si ndege wa ufukweni. Mahali petu pa karibu ni Tsavo. Asafiriye kwa gari au kwa treni kati ya Mombasa na Nairobi, akishapita Voi, aache simu kidogo na aangalie vilele vya miti mikavu na anga iliyo juu yake. Mvua za vuli zinaponyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, tai hawa huteremka chini kwa makundi na kuwadonoa mmoja mmoja, kama kuku uani. Ajabu ya Mola: ndege wa mabawa ya mita mbili, aliyetoka mpakani mwa Mongolia au Kazakhstan, akila mdudu ambaye watoto wetu hucheza naye chini ya taa.

YANAYOMUUA

Tulisema mwanzo kwamba ndege huyu anapungua. Sababu ni nyingi, nasi tutazitaja tatu.

Ya kwanza ni nguzo za umeme. Katika nchi zisizo na miti, nguzo ndiyo kiti cha tai. Akitandaza mabawa yake mapana akagusa nyaya mbili, au waya mmoja na chuma kilichoshikizwa nguzoni, hufa papo hapo. Tiba yake inajulikana nayo si ghali sana: kufunika waya karibu na nguzo, au kuacha nafasi ya kutosha baina ya nyaya. Hili ni la serikali na mashirika ya umeme.

Ya pili ni dawa. Wengi wetu tunaijua diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo na viungo. Huko Bara Hindi wafugaji waliwapa ng'ombe wao. Ng'ombe akifa na dawa imo mwilini, ndege anayemla hufa kwa figo zake kushindwa kazi. Tumbusi wa Bara Hindi waliokuwa mamilioni waliangamia hadi aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Baadaye, kwenye jalala la mizoga karibu na Bikaner, huko Rajasthan, watafiti waliwakuta tai wawili wa nyika waliokufa na mabaki ya dawa hiyohiyo miilini mwao. Hakuna aliyekusudia kuua ndege. Mtu alitaka kumtuliza ng'ombe wake maumivu.

Ya tatu ni sumu, na hili ni letu Wakenya. Simba au fisi akiua ng'ombe, mwenye mali kwa uchungu wake hutia mzoga dawa ya kuulia wadudu ili muuaji akirudi afe. Lakini fisi huja usiku, na tai ana macho makali na huja mchana. Mzoga mmoja uliotiwa sumu huweza kuua ndege makumi, na mbwa, na hata kumdhuru mtoto anayechunga. Tunaujua uchungu wa kupoteza ng'ombe kwa nyumba inayomtegemea yeye kwa maziwa na karo. Hata hivyo sharia yetu haikubali madhara yaondolewe kwa madhara mfano wake, sembuse makubwa zaidi, yanayowapata wasiokosa. Sheria ya nchi ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia. Njia hiyo ina subira ndefu, lakini ndiyo ya haki. Na zizi lililozungushiwa miiba imara hulinda ng'ombe walio hai, jambo ambalo sumu haiwezi.

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Akina mama na akina baba, tunawaomba mambo manne.

Mosi, dawa ya binadamu asipewe mnyama ila kwa kauli ya daktari wa mifugo. Akifa mnyama aliyekuwa akitibiwa, azikwe kwa kina au achomwe, asitupwe wazi.

Pili, asiwepo miongoni mwetu mwenye kutia sumu mzogani, na anayesikia jirani amekusudia hivyo amzuie kwa maneno mazuri. Ukiona mzoga wenye ndege wengi waliokufa kando yake, usiuguse, waweke watoto mbali, na uwaarifu askari wa wanyamapori.

Tatu, wafundisheni watoto adabu ya manati. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar, Mungu awe radhi naye, aliwapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege na kumlenga kwa mishale, na kila mshale uliokosa ukawa wa mwenye ndege. Walipomwona walitawanyika. Akawakemea, akawajulisha kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Watoto wetu wakisikia kisa hiki mapema, manati hutumika kuangulia maembe tu.

Nne, wafundisheni majina. Mtoto anayesema “ndege mkubwa” hana cha kumlinda. Anayesema “tai wa nyika, kijana, ana mkanda mweupe bawani” tayari ameingia katika ujirani naye. Jamaa walioko Salalah na Muscat wawatumie watoto wa huku picha na habari, na wa huku wajibu kwa habari za Tsavo. Hayo ni mazungumzo bora kwa watoto wa ukoo mmoja waliotenganishwa na bahari.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu jembe anakuja nalo. Hutusafishia mizoga, hutupunguzia panya na nzige, wala hatuombi nauli. Hatudai chochote ila asiuawe akiwa ugenini. Mtume wetu (s.a.w.) alitutolea mfano wa mwenye kutawakali kwa ndege, ambaye hutoka asubuhi na njaa na kurejea jioni ameshiba. Basi tusiwe sisi sababu ya ndege wa mwaka huu kutoka asubuhi asirejee.

Mwezi wa Machi utakapofika, tai hawa watapanda juu ya Tsavo na juu ya Dhofar, wazunguke, kisha waelekee kaskazini kwenye matago yao. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama, atujaalie kuwa wenyeji wema kwa viumbe vyake, na atukutanishe nao tena msimu ujao sisi na watoto wetu tukiwa katika afya na imani. Amin.